Siku Nilipolilia Stage Naviundu

Kuna watu wamefukuzwa baa, kuna waliofukuzwa kazi, mimi nilifukuzwa kilioni, tena mchana kweupe, tena mbele ya mama yangu mzazi, na mnaotaka kucheka chekeni sasa hivi, kwa sababu nikifika mwisho sidhani mtakuwa na hamu hiyo. (Kilio, kwetu Lubumbashi, ni msiba: watu wanakaa na wafiwa, wanakula pamoja, wanalala pale pale mpaka maziko yapite.) Nimeificha habari hii miaka mingi, na hata leo naisimulia nikiwa nimeinamisha uso.

Zilikuwa siku za Zaire, siku za abakosti, ile suti ya serikali isiyovaliwa na tai, siku ambazo ukimwita mkubwa "monsieur" badala ya "citoyen", yaani raia, anakutazama kama umekanyaga bendera. Nilikuwa mwaka wa tatu polytechnique, chuo cha uhandisi, upande wa metali, na mwaka ule ilitupasa kufanya stage, yaani miezi ya mazoezi ya kazi, na kwa sisi wa metali stage ilikuwa mahali pamoja tu: kampuni ya serikali ya shaba, pale penye bomba la moshi linaloonekana popote ulipo mjini. Bila stage huandiki ripoti, bila ripoti hupandi mwaka, na mimi nisipopanda mwaka maana yake ni mama yangu aendelee kukaa sokoni Kenya (ni mtaa wetu, siyo nchi) akipima unga wa mahindi kwa kikombe, uso umejaa vumbi jeupe, maana baba alikwisha kufa na ule unga ndio ulionisomesha.

Nilijitayarisha, msinione mvivu. Nilisoma habari za tanuru mpaka nikawa naziota. Mwansa, mwenzangu wa chumbani, aliniazima abakosti yake ingawa mikono iliniishia karibu na viwiko, nikasugua viatu, nikajifunza kusimama kama mhandisi (kifua mbele, mikono nyuma, sijui nani aliniambia wahandisi husimama hivyo), nikapeleka barua ya kuomba, na kila nilipokwenda mlangoni kuulizia, karani alinitazama kuanzia viatu akaishia mikononi mwa abakosti, halafu akasema, "Citoyen, rudia mardi." Mardi, yaani Jumanne, nikarudi. "Rudia vendredi." Ijumaa nikarudi. Wenzangu wenye wajomba ndani ya ofisi walikuwa wamekwisha kupimiwa kofia za kazi, na mimi bado narudia mardi.

Siku moja Mwansa akaingia chumbani mbio.

"Ngoy, barua haina macho," akasema. "Mama ya Citoyen Kasongo amekufa, kilio iko Naviundu. Enda, ikala pale, akuone. Muntu mwenye alikuya ku kilio ya mama yako, utamukatalia stage?"

Huyo Citoyen Kasongo ndiye aliyekuwa mkubwa wa stage zote, mtu ambaye barua yangu ilikuwa imelala mezani kwake kama mgonjwa. Na kusema haki, shauri la Mwansa halikuwa baya. Mtu akifiwa unakwenda, unakaa, unatoa pole, hata kama una shida yako moyoni, nani hana? Ningekwenda, ningekaa, ningerudi, na leo nisingekuwa na la kusimulia.

Nikafika mtaa wa Naviundu saa za mchana, jua kali. Wageni walikuwa wamepangwa kwenye mabenchi nje ya uzio, kandokando ya barabara, wengi sana, nusu yao naamini walikuwa na barua mezani kama mimi. Wafiwa walikuwa ndani ya uwanja, chini ya turubai, na Citoyen Kasongo katikati yao kwenye kiti, ameshika tama. Kutoka benchini asingeniona hata ningevaa moto. Mlangoni alisimama mama mmoja mwenye kitambaa cheusi kichwani, akipokea watu.

"Weye uko nani wa marehemu?" akaniuliza.

Ningesema, mama, niko mwanafunzi, nimekuja kutoa pole. Maneno yenyewe nilikuwa nayo tayari. Lakini nikatazama benchi, nikatazama turubai, na mdomo (huu huu) ukasema, "Niko mujikulu," yaani mjukuu.

"Mujikulu! Kuya, kuya, benzako bako kule!"

Nikavutwa mkono mpaka chini ya turubai, na nilichokiona kilinishangaza. Msichana mmoja alikuwa amejifunga kilemba cha marehemu na kuegemea mkongojo wake, anatembea kikongwe, anafokea watu kwamba bukari (ugali) haikuiva na kwamba ameona nani amekuja mikono mitupu, na watu wanacheka huku wanajifuta machozi, hata Citoyen Kasongo midomo ilimcheza. Nikasema moyoni, watu hawa hawana adabu, mama wa watu hajazikwa wanafanya sinema, basi leo mkubwa ataona mtu mmoja mwenye uchungu. Nikajitupa chini. Mwanzoni machozi yalikataa, nikakumbuka mardi, nikakumbuka vendredi, nikamkumbuka mama na vumbi lake la unga, yakaja yenyewe, ya kweli kabisa, sema hayakuwa ya marehemu.

"Nkambo wangu eee! Nkambo, umeniachia nani!" nikamlilia bibi.

Nilisikia kicheko kinakatika. Nikadhani wamepata aibu. Nikazidisha, nikagaagaa, abakosti ya Mwansa ikapasuka kwapani.

Nisilolijua, na ambalo mtoto yeyote pale angenifundisha, ni kwamba mjukuu halii. Kulia ni kazi ya watoto wa marehemu, na mjukuu kazi yake ni utani: amwigize bibi yake, avae nguo zake, azuie jeneza adai zawadi, ili walio hai wasivunjike. Mimi bibi na babu zangu walibaki kaskazini, sikuwaona, nimekulia kambi ya wafanyakazi kisha bweni la mapadri, na kwenye vilio vyote nilivyowahi kwenda nilikaa benchi la barabarani, nikisikia vicheko vya ndani nikidhani ni vya walevi.

"Mujikulu gani analia hivi?" shangazi mmoja akauliza. Wakaniinamia. "Weye, uko mutoto ya nani?"

Hapo bado nilikuwa na njia. Ningesema samahani, nikainuka, nikaenda zangu, wangenicheka kidogo wakanisahau. Lakini tangu niingie nilikuwa nasikia wanawake ndani ya nyumba, waliokaa na maiti, wakiimba kilio chao, na jina moja lilikuwa likirudi: mama, ulimungoja Kabwe, Kabwe alivuka mpaka ya Kasumbalesa, alienda Zambia, hakurudia, ulimungoja mpaka macho ikaisha. Jina hilo lilikuwa limenikaa masikioni.

"Ya Kabwe," nikasema. "Kabwe wa Zambia."

Ndugu zangu, kuna uongo unaousema na ukauona ukianguka chini, na kuna ule unaoota miguu. Citoyen Kasongo alisimama mpaka kiti kikaanguka. Akanishika uso kwa mikono yote miwili, akanigeuza huku na huku akitafuta sura ya kaka yake, na kibaya zaidi akaipata.

"Angalieni pua," akasema. "Angalieni, ni Kabwe kabisa. Mutoto, baba yako iko muzima?"

Kichwa changu kikaitika. Sikukituma, kiliitika chenyewe.

Akanikumbatia. Mtu yule niliyemtafuta kwa miezi ili anione, alikuwa analia begani kwangu, na mimi nanusa sabuni ya shati lake nikiomba ardhi ipasuke. Akina mama wakapiga vigelegele kilioni, na mmoja akakimbia ndani, nikamsikia anapiga magoti karibu na maiti akisema kwa sauti, "Mama, Kabwe iko muzima! Mama, mutoto yake amefika, lala muzuri!"

Hapo machozi yangu yalikauka. Nilitaka kusema ukweli, nawaapia, lakini nilikuwa nikivutwa na mikono mingi kuelekea ndani nikamsalimie marehemu bibi, na tulipofika mlangoni kundi la mama wa kanisa likaingia uani likiimba, wote wamevaa kitenge cha namna moja. Marehemu alikuwa wa chama chao, na wamama wa parokia zote za mji walikuwa wameitwa. Mbele yao, akiongoza wimbo, alikuwa mama yangu.

Aliniona. Wimbo ukamfia mdomoni.

Yule shangazi, aliyemjua mama kutoka mikutano yao ya kanisa, akamrukia kwa furaha. "Mama Ngoy, kuya uone maajabu! Huyu ni mutoto ya Kabwe wetu!"

Mama akanitazama. Nilimwomba kwa macho, na sijui hata nilikuwa namwomba nini, anyamaze au aniokoe. Kunyamaza kungemgharimu kidogo tu, wenzake walikuwa nyuma wakiendelea kuimba, hakuna ambaye angejua.

"Kabwe simujue," akasema polepole. "Huyu ni mutoto wangu. Nilimuzaa miye."

Kisha mama yangu, ambaye goti lake moja lilikuwa bovu, akapiga magoti kwenye vumbi mbele ya Citoyen Kasongo akiwa na kitenge chake cha kanisa. "Baba, munisamehe," akasema. "Ni miye nilimulea mubaya."

Uongo wa mwisho wa siku ile ndio huo, maana hakunilea vibaya, na aliusema kwa ajili yangu.

Citoyen Kasongo akaniuliza, bila hasira, "Ulitafuta nini kwetu?"

"Stage, citoyen."

Yule msichana wa kilemba (na simlaumu, ilikuwa kazi yake siku ile) akagonga mkongojo chini akasema kwa sauti ya kizee, "Mumupe! Amelia muzuri, vingt sur vingt, alama yote!" Wajukuu wakaangua kicheko, na katikati ya kicheko kile Citoyen Kasongo akanisogelea, akaniuliza tena kwa sauti ndogo, kama mtu anayejua jibu lakini hawezi kuacha kuuliza.

"Basi Kabwe, haumujue hata kidogo?"

"Hapana, citoyen."

Akaokota kiti chake, akaketi. "Mama, peleka mutoto yako," akasema. Tulipokuwa tunatoka nilimwona yule mama wa vigelegele anarudi ndani ya nyumba, taratibu, kumwambia marehemu kwamba si kweli.

Tulitembea kutoka Naviundu mpaka Kenya, mama mbele, mimi nyuma. Aliwaacha wenzake, na kwenye kundi lile hakurudi kuongoza wimbo tena, alikuwa anakaa mabenchi ya nyuma kanisani na watu wakimuuliza anasema koo linamuuma. Hakunitukana. Nilitamani anitukane. Tulipokaribia nyumbani tu ndipo aliposimama, akageuka.

"Ngoy, siku miye nitakufa, bantu batajua namna gani kama machozi yako ni ya kweli?"

Alikuwa anauliza kweli, kisha akageuka, akaingia nyumbani.

Stage sikupata. Sikurudi tena kwa yule karani, sikuwa na uso wa kurudi, nikarudia mwaka, na mama akapima unga mwaka mwingine mzima. Baadaye nilifanya stage yangu kwenye kiwanda kidogo cha sabuni ambako hakuna aliyenijua, nikamaliza, nikapata kazi, maisha yakaenda. Niliapa sitasema tena mimi ni nani wa marehemu ambaye si wangu, na kiapo hicho nimekishika: nikienda kilioni nakaa benchi la barabarani, natoa pole, naondoka.

Lakini kiapo kilinizidi nguvu. Mama alipokufa nilikaa chini ya turubai kama mfiwa, na kila machozi yalipopanda nilimwona Citoyen Kasongo anatafuta pua ya kaka yake usoni kwangu, yakarudi. Wamama wa kanisa waliingia wakiimba, wazee tayari, na nilihisi wananitazama. Dada yangu akaninong'oneza, "Ngoy, lia basi, ni mama." Nikashindwa. Nilikwenda nyuma ya nyumba, pale penye mapipa ya maji, nikalia peke yangu mpaka nikatapika, nikanawa uso, nikarudi kuketi. Watu wakasema mwana huyu ana moyo wa jiwe, nikawaacha waseme.