Marahaba Isiyokuwamo Mchezoni

Harufu ya masizi ya chungu yaliyokorogwa na mafuta ya nazi, mpaka leo, hunifanya nijipanguse juu ya mdomo. Msicheke. Nilipata kuwa na masharubu mimi, tena mazuri, miaka ya hamsini, nilipokuwa na miaka kumi na miwili katika skuli ya wasichana pale mjini Unguja.

Aliyenipaka ni mwalimu wetu, Bi Rukia, msichana mwembamba mwenye sauti kali, aliyesoma dawati moja na dada yangu Asha. Alipenda michezo ya kuigiza kuliko chakula. Mwaka huo alitufasiria mchezo wa Mjerumani mmoja wa miaka mia mbili nyuma. Alituambia bwana huyo alikuwa na kazi mbili: akitunga michezo yake, na akenda kutazama ya wenzake akayaandika makosa yao. Nilimpenda papo hapo. Kumbe duniani kuna mtu analipwa kwa kuwatia watu kasoro! Kwetu kazi hiyo nikiifanya bure, na nikiambulia makofi.

Mchezo wenyewe ulihusu binti aliyetoroka kwao kwa ajili ya mwanamme, babake akamfuata. Watazamaji ni wanawake watupu, hata bawabu alitolewa nje, basi na wanaume wa mchezoni tulikuwa sisi sisi wasichana. Mimi kwa urefu wangu nikapewa ubaba. Mama alinitolea sandukuni kanzu na koti la marehemu baba. Alilinusa kola kwanza, kisha akanipa.

Hapa lazima nikwambieni ya nyumbani. Dada Asha alimtaka fundi baiskeli wa Ng'ambo, na Mama hakutaka hata kumsikia. Asha akenda zake Kizimkazi kwa ami yetu, ambaye ndiye aliyekuwa walii wake baada ya baba kufa, na ami akamuozesha. Ndoa halali kabisa, lakini Mama hakuwamo. Tangu hapo, miaka miwili mizima, kila Ijumaa Asha akija, akivua viatu mlangoni na kusema, "Shikamoo, Mama." Mama akipeta mchele. Hajibu. Asha akingoja kidogo, akinitazama, kisha akivaa viatu vyake na kwenda zake. Nikizichukia Ijumaa zile! Nilimtaka dada yangu tu. Kitanda chetu kilikuwa kikubwa mno kwa mtu mmoja.

Sasa, katika mchezo wa Bi Rukia, binti anapiga magoti mapema, anamwamkia babake, na baba anageuza uso. Hajibu mpaka mwisho kabisa, baada ya machozi mengi. Wiki tatu nilizoezwa kugeuza shingo. "Usimtazame, Maryam! Wewe umekasirika!"

Siku ikafika. Ukumbi ulijaa mabuibui na harufu ya asumini. Mama alikuwa mstari wa mbele. Asha nilimwona nyuma kabisa, amejibana karibu na mlango. Kidawa, aliyekuwa binti yangu, katika mazoezi akicheka tu, lakini siku ile alilia kikweli. "Shikamoo, baba."

Nikageuza shingo kama nilivyofundishwa, na macho yangu yakamwangukia Mama. Ulikuwa ule ule uso wake wa kupetea mchele.

Nikashindwa. "Marahaba," nikasema. "Marahaba, mwanangu. Twende nyumbani."

"Ala! Mtoto huyu!" alisikika Bi Rukia nyuma ya pazia. Kidawa alibaki kinywa wazi, maana tulishasameheana na mchezo ndio kwanza umeanza. Bibi mmoja akapiga kigelegele, wengine wakadakia, pazia likafungwa. Nililia mpaka masharubu yakanitiririka shingoni.

Uani Mama alinipangusa kwa ncha ya leso, akinigombeza. "Mwalimu wa watu kahangaika wiki tatu, wewe unakuja kumharibia!" Asha akatokea, akasimama mbali kidogo.

"Shikamoo, Mama."

Mkono wa Mama ukasita shavuni mwangu.

"Marahaba," akasema bila ya kugeuka. Kisha kwa ukali, "Mbona umekonda? Huko kwenu hamli?"

Asha akaangua kilio. Mama akamwambia aache kulia mbele za watu, na yeye mwenyewe akajifuta machozi kwa leso ile ile, akajipaka masizi uso mzima.

Miaka mingi nilijisifu kwamba kosa langu ndilo lililomrudisha dada. Nikaja kuwa mwalimu mwenyewe, nikaupata mchezo ule kwa Kiingereza, nikausoma na penseli mkononi, tayari kumtia kasoro Bi Rukia. Nikamtafuta baba anayegeuza uso. Hamna! Baba wa yule Mjerumani anamfuata binti yake ameshamsamehe.

Nikamwendea Bi Rukia kwake Mpendae, kashazeeka. "Ulitia wewe, Bi?"

"Nilitia mimi. Mchezo mzima niliuandikia mtu mmoja wa mstari wa mbele. Nilitaka akae saa nzima aione ile shikamoo inavyouma. Nawe ukamhurumia papo hapo."

Sikuwa na la kumkosoa. Nilirudi kwa miguu nikimfikiria Mama, mwanamke asiyependa michezo, ambaye siku ile alivaa buibui lake la Sikukuu akawahi kiti cha mbele. Utotoni nilidhani alikuja kunitazama mimi. Kumbe habari kwamba mchezo ni wa binti aliyetoroka ilikuwa imeshaenea mtaa mzima kabla ya siku ile, naye aliijua, na akaja.