Nyuki Ndani ya Sandarusi

Wakati ule wa Wabelgiji, watu weusi waliofika chuo kikuu walikuwa wachache mno, na aliyekwenda huko kusomea nyuki sikumjua mwingine ila mimi. Profesa wangu, Mbelgiji mpole aliyependa wadudu kuliko mazungumzo, alitaka kujua nyuki wadogo wasiouma wa kwetu wana undugu gani na nyuki wakubwa. Maniema, kwetu, hakuwahi kufika. Akanipa hadubini ndani ya sanduku la mbao, akanituma nyumbani.

Kutoka Kasongo nilipanda lori lililokuwa likifuata pamba, nikafika Kabambare, nyumbani, nikiwa mwekundu kwa vumbi. Karani wa serikali alifungua sanduku, akalifunga, akauliza kama mzungu mwenyewe yuko nyuma anakuja. Nikamwambia nimekuja peke yangu.

Mjomba alinipokea kwa furaha, lakini kazi yangu ilimtatiza. Yeye alikuwa amechimba sandarusi miaka mingi, ile gundi ya miti iliyogeuka ngumu chini ya ardhi, ambayo wafanyabiashara waliinunua ya kutengenezea rangi ya kung'arisha mbao.

“Wamekusomesha muda huu wote ili uje kuangalia nyuki?”

“Ndiyo, mujomba.”

Mjomba akachukua shoka.

Kando ya shamba lake la muhogo palikuwa na gogo lenye mzinga. Alipolipasua, nyuki walituingia nywelani na machoni, nami nikasahau kuwafukuza. Masega ya watoto yalizunguka kwenda juu kama kamba iliyoviringishwa, na pembeni vilijaa vyungu vidogo vya nta, vingine vya asali, vingine vya chavua. Vitabuni nilikuwa nimeviona vimechorwa kwa wino. Hakuna kitabu kilichoniambia jinsi vinavyonukia, wala jinsi malkia, tumbo limemjaa hata kuruka hawezi, anavyotembea polepole huku wenzake wakimpisha.

Kesho yake, barazani, nilimpasua nyuki mmoja chini ya hadubini. Mwiba ulikuwepo: kipande kifupi, butu, kisichoweza kumchoma mtu. Profesa alikuwa ameniambia nitaukuta. Nikamwita mjomba aangalie.

“Mwiba huu iko na kazi gani?” akauliza.

“Hauna kazi tena. Mababu zao wa kale walichoma. Hawa wamebaki na kisiki chake tu.”

Mjomba alikuwa Mkristo wa kila Jumapili, nikaogopa atasema nabishana na mafundisho ya misioni. Aliuliza tu mababu hao waliishi lini. Nikamjibu kwamba hata profesa hajui. Ni zamani ambayo akili haifiki.

Akaingia ndani, akarudi na kipande cha sandarusi ambacho siku zote alikataa kukiuza. Nikakiinua juani. Ndani alikuwamo nyuki mdogo, mabawa wazi, na miguu ya nyuma ikibeba bado tone la gundi. Nikamweka karibu na yule niliyempasua, nikafuata mishipa ya mabawa yao, mmoja baada ya mwingine. Ilikuwa ile ile.

“Alikuja kuchukua gundi ya kujengea nyumba yake,” nikasema, “ikamshika.”

“Na kijiji hiki kilikuwa bado,” akasema mjomba.

Aliniazima kipande kile, nikaahidi kukirudisha. Chuoni, profesa alikichunguza asubuhi nzima. Kazi yangu ilipokubaliwa, nilikwenda Kabambare mwenyewe kukirudisha. Mjomba alitaka kujua profesa alisema nini.

“Alisema sandarusi ni changa sana, mujomba. Kwa hesabu ya nyuki na mababu zao wa kale, huyu amekufa juzi tu.”

Mke wake alikuwa ameshatuandalia bugali na sombe ya majani ya muhogo. Mjomba hakunawa. Alikaa akiligeuza lile tone la sandarusi kwenye mwanga, akinitazama, akilitazama tena, mpaka chakula kikapoa.