Maua Aitwa Kupiga Kura

Mzee Wafula wa Ndalu, Mungu akuzidishie maziwa. Kazi yangu uliiokoa kwa kicheko.

Chama chetu cha maziwa hapa Kitale kilitaka wanachama wote waingizwe kwenye kompyuta kabla ya uchaguzi. Kompyuta ilikuwa ikikagua kitambulisho cha kila mmoja, ikijikokota kama konokono. Mimi karani nikazima huo ukaguzi, nikaingiza faili zote kwa mkupuo. Chai haijapoa, kazi imekwisha, nikajiona profesa. Kumbe faili moja ilikuwa ya ng'ombe.

Siku ya uchaguzi meneja akaita, “Maua wa Ndalu, njoo upige kura.” Akaita tena, kisha akanigeukia kwa hasira. Ndipo Mzee Wafula akainuka polepole.

“Meneja, huyo ni ng'ombe yangu, bana. Kura hajui. Anajua kula tu.”