Gadi Aliyekataa Kuingia Uwanjani

Mji wa Corbet Mills, jimbo la Indiana, ulikuwa na kiwanda kimoja cha chuma, makanisa kumi na tisa, na Chuo cha Wexley, ambacho ukumbi wake wa mpira wa kikapu ulikuwa na viti vingi kuliko watu wa mji. Vernon Gaither, mfua chuma wa kiwandani hapo, alikuwa amekalia kiti kilekile cha ukumbi huo kwa miaka ishirini. Siku mwanawe Lemuel alipochaguliwa kuichezea Wexley, Vernon alijifanya anaosha vyombo ili watu wasione machozi yake.

Lemuel hakuwa mrefu. Alicheza gadi, yule anayepandisha mpira na kuwagawia wenzake, na alikuwa na macho ya kuona mwenzake yuko huru kabla mwenyewe hajajua. Kocha Burl Hostetler wa Wexley alikuja nyumbani kwao mwenyewe kumwomba. Akala kambare wa kukaanga wa Bi Odessa, mama yake Lemuel, akaongeza, akafuta mchuzi kwa mkate wa mahindi.

"Mimi nataka kusomea ujenzi wa madaraja," Lemuel alimwambia.

"Utayajenga, kijana. Nakupa neno langu."

"Neno lako tumelisikia, Kocha," Bi Odessa akasema. "Nimelipokea hapahapa mezani pangu."

Wiki ya tatu tu ya mwaka wa kwanza, ikaonekana kwamba maabara ya fizikia ilikuwa Jumanne mchana, saa ileile ya mazoezi, na darasa la hesabu nalo liligongana na safari za timu. Msaidizi wa kocha, bwana mmoja mchangamfu aitwaye Rick Tanzey, akampiga Lemuel begani. "Hayo niachie mimi. Wewe piga mpira."

Kuanzia hapo kila muhula Tanzey alimletea karatasi ya masomo ikiwa tayari: uongozaji wa kambi za watoto, historia ya michezo, kanuni za kulenga mishale. Lemuel akiuliza hesabu iko wapi, aliambiwa, "Mwakani, msimu ukiisha." Naye akaamini. Baadaye, katika yote yaliyomchoma, hili lilimchoma kuliko mengine: kwamba kuamini kulikuwa kutamu. Ukumbi mzima ulikuwa unaimba jina lake. Nani ana hamu ya hesabu watu elfu saba wakiimba jina lake?

Mwaka wa nne, mwezi wa Machi, Wexley wakafika fainali ya ligi yao, ambayo ingechezwa nyumbani Jumamosi saa nane mchana. Ijumaa asubuhi Lemuel akaenda ofisi ya kumbukumbu za wanafunzi kuchukua fomu ya mahafali. Hakumwambia mtu. Alidhani ni jambo la dakika tano.

Karani, Bi Maxine Yoder, alilipitia faili lake mara mbili. Kisha akaligeuza limwelekee Lemuel.

"Mwanangu, hapa hakuna shahada."

"Nimekaa hapa miaka minne, mama."

"Umekaa, sikatai. Ila haya masomo hayafiki popote. Ukiyajumlisha yote, hujamaliza hata mwaka wa pili wa fani yoyote. Na uhandisi uliuacha mwenyewe, si hii hapa?"

Akamwonyesha fomu ya kuacha hesabu na fizikia, ya wiki ya tatu, mwaka wa kwanza. Chini palikuwa na sahihi: *Lemual Gaither*.

Lemuel aliitazama ile "a" mpaka masikio yakaanza kuvuma. Walikuwa wamemwibia miaka minne, na hata jina la waliyemwibia hawakujua kuliandika.

Alimkuta Kocha Hostetler ofisini akila sandwichi, michoro ya mechi imetandazwa mezani.

"Nani aliandika jina langu?"

"Jina lipi? Kaa chini. Kesho wale jamaa watakubana wawili wawili, sasa mimi—"

"Nimekuuliza, Kocha. Nani kaandika jina langu?"

Kocha akaitazama nakala ya fomu aliyotupiwa mezani. Hakushtuka. Hilo ndilo lililomwambia Lemuel kila kitu. "Tanzey ana kazi nyingi," akasema. "Pengine alikosea. Tutalizungumza msimu ukiisha."

"Msimu umeisha! Mimi ni wa mwaka wa nne! Msimu gani mwingine unausubiri?"

"Punguza sauti. Unajua vijana wangapi wa mtaani kwenu wanaililia jezi hiyo? Bila mpira ungekuwa wapi leo? Si kiwandani, na baba yako?"

"Baba yangu anapokea mshahara, na jina lake anasaini mwenyewe," Lemuel akasema. "Kesho siingii."

Kocha akacheka na tonge mdomoni. "Utaingia. Nyinyi mnaingia siku zote."

Jumamosi ukumbi ulijaa hadi ngazini. Lemuel alikuja amevaa koti lake la kanisani. Hakushuka chumba cha wachezaji. Alipanda juu hadi safu ya baba yake, akaketi pembeni yake.

Vernon akamkagua miguu kwanza. "Umeumia?"

"Hapana."

"Basi unafanya nini huku? Shuka, wanapasha misuli!"

"Sishuki, baba. Wamenidanganya miaka yote minne. Sina shahada wala dalili yake. Walighushi jina langu."

"Hayo mtayamaliza Jumatatu. Leo ni fainali!"

"Sishuki."

Watu waliokaa mbele waligeuka. Kwanza waliita jina lake wakidhani ni utani. Mchezo ulipoanza na gadi wa akiba akanyang'anywa mpira mara tatu mfululizo, wakaanza kumzomea. Mzee mmoja wa kanisani kwao alimwita msaliti. Mwanamke mmoja akamrushia bisi. Lemuel alikaa wima, mikono juu ya magoti, akatafuna hasira yake mpaka taya likauma. Kila shambulizi lilipovunjika aliona pasi ambayo angeitoa, na mikono ikamwasha.

Mapumziko yalipofika, Vernon alisimama, akachukua kofia yake, akaenda kukaa upande wa pili wa ukumbi. Kiti cha miaka ishirini, akakiacha. Wexley wakafungwa kwa pointi kumi na tisa.

Gazeti la mji liliandika kwamba Gaither "alikuwa na matatizo binafsi". Kinyozi wake akamwambia viti vimejaa, ilhali vyote vitatu vilikuwa vitupu. Mtu akamwaga taka barazani kwa Bi Odessa. Alizizoa, akavaa viatu, akaenda kumkuta Kocha Hostetler kwenye foleni ya bucha.

"Neno lako bado liko mezani kwangu," akamwambia, bucha zima likisikia. "Njoo ulichukue. Linanuka."

Kocha alilipa nyama yake akatoka. Tanzey, mwaka huohuo, alipewa timu yake mwenyewe katika jimbo jingine. Lemuel aliandikia uongozi wa chuo barua tatu. Jibu lilikuja moja, aya moja: kumbukumbu zinaonyesha sahihi yako.

Akaondoka Corbet Mills. Akapata kazi na kikosi cha kupaka rangi madaraja ya barabara kuu, akining'inia kwa kamba chini ya vyuma, malori yakitetemesha kila kitu juu ya kichwa chake. Akajiandikisha chuo cha umma, somo moja moja, akianza na ileile hesabu aliyoachishwa. Mara ya kwanza akafeli. Alilipiga teke pipa la taka la darasa likabonyea, mwalimu akamwangalia, akamuuliza, "Umemaliza?" Lemuel akaokota karatasi zote, akajiandikisha tena. Watu humwambia mwenye kisirani kwamba hasira ni hasara. Yeye hakuwa na kitu kingine cha kumwinua kitandani asubuhi, miaka tisa.

Alihitimu akiwa na miaka thelathini na mmoja, akaajiriwa na jimbo kuwa mkaguzi wa madaraja. Siku ya mahafali Bi Odessa alipiga vigelegele mpaka mlinzi akamwomba apunguze. Vernon alikuja pia, kwa kuburutwa na mkewe. Kwa miaka tisa alikuwa akimwambia mwanawe "habari" na "chumvi iko wapi", basi.

Wakiwa kwenye gari kurudi, Bi Odessa amesinzia nyuma, Vernon akasema bila kugeuka, "Mngeshinda ile mechi."

"Najua."

"Ungecheza kwanza, halafu ukagombana nao."

Lemuel akaubana usukani. Damu ilimpanda kama vile ni Ijumaa ileile. "Ningecheza tukashinda, baba, nani angenisikiliza Jumatatu?"

Wakapita mashamba ya mahindi, wakapita kituo cha mafuta, wakapita kingine.

"Hakuna," Vernon akasema mwishowe, kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino. Kisha akaongeza, akiwa amekasirika sasa kama mwanawe, "Hakuna hata mmoja, mbwa wale. Hata mimi."

Lemuel hakusema nimekusamehe, kwa sababu hakuwa amemsamehe. Aliendesha tu, akawasha redio, na baba yake hakuizima.