Kibonyeo Juu ya Sikio

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya Umm Salal, huku ughaibuni, fundi mkuu alinipa bamba la shaba na nyundo, akaniambia nitengeneze bakuli. Nilikasirika. Mimi wa Kamukunji, niliyefua masufuria na makarai tangu ujana wangu, leo napimwa kwa bakuli! Nikalifua. Akaligeuzageuza, akacheka.

"Hili ni la kupikia, bwana mdogo. Hapa tunavisha vichwa vya Warumi."

Alikuwa mzee wa Mombasa, mkali, na alijua kazi. Ndiye aliyenifundisha kuvimbisha: unapiga bamba duara kwa duara juu ya fuawe, na shaba ikianza kukaza unairudisha motoni ilainike, maana ukiilazimisha itapasuka. Kofia za vita za Warumi wa kale zilifuliwa hivyo, nasi tulizinakili hivyo hivyo kwa ajili ya wakusanyaji na watu wa maonyesho. Kinga ya shingo nyuma, vikinga mashavu vyenye bawaba, na ribiti, vile vijisumari vya kushikanisha, tulizigonga kwa mkono. Alama za nyundo hatukuzifuta.

Mama yangu alifariki nikiwa katikati ya kofia ya sampuli, ile ambayo nyingine zote zingefuata. Nikaenda kwa meneja kuomba ruhusa ya kwenda kumzika. Hakuinua hata macho.

"Sampuli kwanza. Mteja anangoja."

"Na mama yangu je, bosi?"

"Khalas. Rudi kazini."

Basi mazishi ya mama niliyaona kwenye simu, nimeiegemeza kwenye mkebe wa ribiti, binamu yangu akinirushia moja kwa moja kutoka Siaya. Niliendelea kupiga nyundo huku watu wetu wakiimba. Jeneza lilipoanza kushuka, nyundo iliteleza ikabonyeza shaba, juu kidogo ya sikio la kulia. Fundi mkuu alininyang'anya nyundo.

"Baba Atieno, keti. Lia kwanza."

Nililia, haki ya Mungu, mbele ya wanaume wote. Baadaye nilitaka kukinyoosha kile kibonyeo, akanizuia.

"Hicho ni cha mama yako. Kiache."

Kikabaki. Kila asubuhi nilipita kwenye rafu ya sampuli nikikigusa, na hakuna aliyeniuliza.

Fundi mkuu alirudi kwao akiwa mgonjwa. Akaja meneja mpya na mashine ya kugandamiza, pigo moja kofia nzima. Kalibu yake waliinakili kutoka kwa sampuli yangu, alama za nyundo zote, na kibonyeo. Zikaanza kutoka kofia baada ya kofia, kila moja imebonyea juu ya sikio la kulia. Nikamfuata ofisini.

"Kiondoeni hicho kibonyeo."

"Kwa nini? Wateja wanakipenda. Kinaonyesha ni kazi ya mkono."

Nikamweleza habari za mama. Alisikiliza mpaka mwisho, siwezi kumsingizia.

"Pole sana, mzee. Lakini kalibu imeshatengenezwa."

Miaka yangu ya mwisho sikufua chochote. Niling'arisha tu vitu vya mashine, kitambaa mkononi, nikikiruka kile kibonyeo mpaka msimamizi aligomba kwamba naacha madoa.

Sasa nimestaafu, nakaa Fereej Bin Mahmoud kwa binti yangu Atieno, ambaye ni nesi. Vijana mkija kunitembelea mnataka niseme kazi ni baraka. Sisemi. Nina uchungu na siufichi.

Juzi Atieno alinipeleka dukani kununua viatu. Duka la jirani lilikuwa na kofia zetu dirishani, nikaingia. Muuzaji, dada wa Kikenya, alinikaribisha vizuri, akanishika kidole akakiweka juu ya sikio la kulia.

"Gusa hapa, mzee. Hapa mkono wa fundi uliteleza. Ndiyo ujue si ya mashine."

"Hapo mama yangu alikuwa anazikwa," nikamwambia.

Akauachia mkono wangu. "Woi, pole, mzee." Na alimaanisha, nilimwona machoni. Kisha akaingia mteja mwingine, na yule dada akamshika kidole naye pia.