Saa ya Mama na Mioyo ya Pweza

Mama yangu aliajiriwa kutisha ngisi. Msicheke, kazi hiyo ndiyo iliyonisomesha. Katika maabara ya viumbe vya baharini alisimama kando ya tangi refu, akagonga kioo, na ngisi akafyatuka kinyumenyume kwa kurusha maji kupitia mrija wake. Mama alipima kasi kwa saa ya mkononi, akaandika. Miaka ishirini na miwili! Wenzake walimwita Mama Saa.

Pweza ndio waliomsumbua. Walifyatuka mara moja au mbili, kisha wakashuka kutambaa.

"Ana mioyo mitatu," alitueleza mezani. "Akiogelea, ule unaolisha mwili unasimama. Ndiyo maana anachoka upesi."

Baba, fundi cherehani, moyo wake ulikuwa umeanza kumsumbua. "Basi mke wangu, mimi ni pweza," alisema. "Niacheni nitambae."

Waliishi ghorofa ya tatu, na daktari hakuzipenda zile ngazi. Nilitaka wahamie kwangu, chumba cha chini. Baba hakutaka hata kusikia. Mama akakata shauri kwa njia anayoijua: kila jioni baba apige mluzi akianza kupanda, naye juu mlangoni abonyeze saa. Miezi miwili ikipita bila nafuu, wanahama.

Wiki ya kwanza, dakika sita. Kisha tano. Mwezi wa pili, tatu na nusu. Mama alinipigia simu akicheka. "Mwanangu, baba yako anapona!" Nami, mjinga mwenzake, nikampa mtu mwingine kile chumba.

Jioni moja mluzi ulilia, saa ikabonyezwa, baba hakufika. Mama alisubiri hadi dakika ya tano ndipo akashuka. Alimkuta ameanguka kwenye ngazi za ghorofa ya pili, shati la mteja bado liko kwapani. Hakuamka tena.

Baada ya mazishi alikuja fundi viatu wa pale chini, macho yake hayatoki sakafuni.

"Shemeji, nisamehe. Kila siku alikuwa anakaa kwenye benchi langu nusu saa nzima, pumzi imrudie. Halafu ndiyo anapiga mluzi, anapanda mbio. Alinikataza nisikwambie. Aliogopa mtamhamisha."

Mama aliitazama saa mkononi mwake. Kisha akasema, "Miaka yote hii nawatisha wanyama ili wakimbie. Wangu akakimbia, nikafurahi."

Ndipo akalia, nami nikalia naye, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, maana chumba kile nilikitoa mimi.

Alirudi kazini. Juzi nilimpelekea chakula, nikamkuta amevuta kiti karibu na tangi. Pweza alikuwa anatambaa chini polepole, mkono baada ya mkono. Saa ilikuwa inahesabu, lakini kioo hakikugongwa.

"Mbona humshtui?" mkuu wa maabara aliuliza.

"Mwache," mama alijibu bila kugeuka. "Nitamsubiri."