Ng'ombe Huyu Ananijua

Nafundisha Kiingereza sekondari, na kuna msemo mmoja wa Waingereza ambao sihitaji kitabu kuufundisha: maneno mashuhuri ya mwisho. Zamani kwao, mtu mkubwa akikaribia kukata roho, watu walisogea kitandani na kalamu, wakitegemea hekima. Baadaye watani wakaugeuza. Wengine husema walianza askari. Siku hizi mtu akijigamba, "Niachieni mimi, hii ndogo," anajibiwa kwa msemo huo, yaani: sema taratibu tuandike, maana hayo ndiyo tutakayoyasoma kwenye msiba wako.

Kila mwaka kuna mwanafunzi anayenyoosha mkono kusema hiyo si ndiyo asiyesikia la mkuu? Siyo. Ile inakusuta ukishavunjika guu. Hii inakucheka ukiwa bado na miguu yote miwili. Wanaomba mfano, nami nawapa wa mume wangu, bila kusema ni mume wangu.

Siku ya kuleta mahari yangu, kwa wazazi wangu Moshono, mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Sisi ni Wachaga. Yeye ni Mwarusha wa Olmotonyi, ila Mwarusha wa kompyuta. Tangu aanze shule ng'ombe alikuwa akiwaona likizo tu. Gari lililombeba ng'ombe likakwama kwenye tope, hatua kama mia mbili kabla ya kufika kwetu. Mjomba wake, mfugaji hasa, akasema wawasubiri wachungaji wawili waliokuwa wakija nyuma.

"Ya nini, mjomba?" mchumba wangu akajibu. "Ng'ombe huyu ananijua."

Walikuwa wamekutana asubuhi ileile.

Akajizungushia kamba mkononi mara tatu, na suti yake ya kijivu, na viatu vyeupe. Kwa wasiofuga: kamba ya ng'ombe hushikwa, haifungwi mkononi. Mjomba alifungua mdomo amwambie, lakini ng'ombe hakusubiri.

Mimi nilikuwa chumbani na shangazi, tunachungulia nyuma ya pazia, maana mchumbiwa haonekani mpaka aitwe. Kwanza alipita ng'ombe. Ikapita kamba. Halafu akapita mchumba wangu, kwa tumbo, katikati ya mchicha wa mama, akisema, "Taratibu, taratibu, tuelewane." Wakaingia chini ya turubai. Wazee wakaruka viti, wakiwemo wawili waliokuwa wamekuja na mikongojo. Ng'ombe akafika kwenye ndoo ya mbege, pombe yetu ya ndizi, waliyoandaliwa wakwe, akasimama, akachovya mdomo, akanywa kwa utulivu wa mgeni rasmi.

Niliona aibu hadi masikio yakawaka moto. Mwaka mzima nilikuwa nimemwambia baba kwamba huyu ni mtu makini, na baba, ambaye hacheki ovyo, alikuwa amesema ataamua siku atakapomwona. Basi ndiyo alikuwa amemwona. Nikamgeukia shangazi.

"Mimi kuolewa na huyu? Labda nife."

Nje baba akasimama, akamzunguka ng'ombe polepole, akamtazama kijana aliyelala kwenye tope na kiatu kimoja.

"Shikamoo, mzee," kijana akasema kutoka huko chini.

"Marahaba. Amekuburuta kote huko na hukuachia kamba?"

"Sikuachia, mzee."

Ilikuwa kweli tupu. Asingeweza kuiachia hata angetaka. Mjomba alikuwa amepiga magoti pembeni yake anahangaika na fundo, anakohoa ili asicheke.

"Mtu asiyeachia kamba," baba akawaambia wazee, "huyo ndiye wa kumpa mtoto."

Hakuna aliyemsahihisha. Mpaka leo hajui, na tafadhali asisikie kwenu.

Nikabaki mimi. Kwetu binti huitwa na kuulizwa mbele ya wote, na akikataa, wageni hurudi na mali yao. Nilitoka na hapana yangu mdomoni, nimeishikilia kabisa.

"Mwanangu," baba akauliza, "unamfahamu huyu? Tupokee?"

Mchumba wangu akainua uso. Kilichokuwa cheupe ni meno tu, na jani la mchicha lilikuwa limemganda sikioni.

"Umeona?" akaninong'oneza. "Si nilisema ananijua? Amenifikisha."

Nilicheka mpaka nikashika nguzo ya turubai. Nilikuwa nampenda, sasa ningefanyaje?

"Namfahamu, baba," nikasema. "Pokeeni."

Ni miaka tisa sasa. Darasani namcheka yeye, na wanafunzi wangu hudhani mfano unaishia kwa ng'ombe. Shangazi anajua hauishii hapo. Hunipigia simu kila Jumapili baada ya ibada, na hanisalimii kama watu wengine.

"Mwanangu," huanza, "hujafa tu?"